Kile wageni wanachoniuliza wakisharudi kwao

Kazi yangu ni kutembeza wageni, nipo Mikindani hapa, kilomita kama 10 tu kutoka Mtwara mjini, na nimeifanya muda mrefu kiasi kwamba wageni wangu wa mwanzo mwanzo sa hivi wana wajukuu na bado wananitumia meseji. Na ndo hizo meseji zimenifundisha kazi kuliko hata mafunzo niliyosomea, maana mtu akiwa hapa atakusifia kila kitu, bahari nzuri, jengo zuri, samaki mtamu, hiyo ni heshima tu, mgeni hawezi kusema vibaya mbele ya mwenyeji. Ila akisharudi kwao ikapita miaka miwili mitatu, kilichobaki kichwani kinaonekana chenyewe kwenye yale anayouliza.

Na hawaulizagi kuhusu Boma. Boma letu ni jengo la Wajerumani la mwaka 1895, mi nalipenda, nalielezea kwa nguvu zangu zote, nawapandisha hadi juu waone ghuba yote ilivyojikunja. Nawapeleka na sehemu ya kumbukumbu ya Livingstone, nawaambia huyu mzee 1866 aliingilia hapa akaenda kuufuata mto Ruvuma hadi bara, na ndo safari yake ya mwisho, hakurudi tena kwao akiwa hai. Wanasikiliza vizuri, wanapiga picha, wengine wanaandika kabisa. Alafu miaka inapita meseji inaingia: yule mama wa Mtonya hajambo? Binti yake alifaulu la saba? Ule mbuzi wa kukunia nazi bado unayumba?

Huyo aliyeuliza habari za mbuzi ni bibi mmoja wa Kijerumani, na habari yake nataka niieleze yote maana ndo iliyonifanya nianze kuwaza haya mambo kwa undani. Alikuja na mumewe, watu wazima wamestaafu, ratiba yao asubuhi Boma, mchana baharini, jioni warudi mjini. Mvua ikatukamata Mtonya, ile ya masika ya huku pwani ambayo haikupi hata dakika ya kujipanga, tukakimbilia baraza ya kwanza tuliyoiona. Mwenye nyumba hata hakuuliza nyie nani, alisema tu piteni piteni mtalowa, watoto wakasogeza mkeka, yeye akarudi jikoni kwake maana alikuwa anapika na mzee wake alikuwa karibu kutoka pwani. Tukakaa. Mvua haikati. Ikafika mahali yule mama akachungulia akamwona bibi wa watu ameinamisha kichwa anasinzia, akaniambia, kaka muulize mwenzangu kama anaweza kukuna nazi, mbona amekaa mpweke hivyo.

Nikatafsiri. Yule bibi alinyanyuka kama alikuwa anasubiri kuitwa! Akavalishwa khanga, akaonyeshwa namna ya kukalia mbuzi kwa ubavu, nazi ya kwanza ikamponyoka ikaenda hadi mlangoni, watoto wakaifukuza, mwenyeji akamshika kifundo cha mkono akamzungushia taratibu mpaka mkono ukazoea wenyewe. Hawana lugha hata moja ya pamoja hao watu wawili ila kwa muda ule hata mi sikuhitajika. Mumewe huku nje akaona ule mbuzi wa pili mguu umelegea, akaomba waya, mtoto akamletea kipande cha waya wa uzio, akakaa kwenye mkeka anaufunga funga, mtoto mdogo kabisa wa nyumba ile amempanda mgongoni. Tukala wali wa nazi na changu wa kuchoma, mvua ikaisha kitambo na hakuna aliyesema tuondoke.

Miaka ikapita, bibi akaniandikia kwamba mzee amefariki. Akasema ana mamia ya picha za safari ile, za bahari, za majengo, za machweo, ila hana hata moja ya baraza ile maana mikono yote ilikuwa na shughuli, na ile ndo siku anayoitaka. Akaniomba kama naweza kwenda kwa yule mama kumuuliza anakumbuka nini. Nikaenda. Asikwambie mtu, yule mama alikumbuka kila kitu! Alikumbuka mzee alivyokuwa anapiga mluzi akifunga waya, alikumbuka alikula samaki upande mmoja akauacha wa pili kwa ajili ya mkewe, alikumbuka alimwita mtoto kwa jina ambalo sio lake na mtoto akaitika hivyo hivyo. Mi nasikiliza huku naandika kwenye simu, natuma kipande kipande, na kule upande wa pili mtu anajibu analia. Kwa hiyo ile siku ilikuwa imehifadhiwa Mtonya muda wote huo na mwanamke ambaye wao walidhani labda alishawasahau siku nyingi.

Toka hapo nikaanza kuangalia kwa makini. Maana ukarimu tunao wote huku kusini, hilo halina ubishi, ukipita mtu anakula lazima akwambie karibu, na karibu hiyo ni ya kweli, ukikaa unanawa unakula. Ila sio kila ukarimu unabaki kwa mgeni. Nimeshapeleka watu kwenye nyumba ambazo zimejiandaa wiki nzima, kiti kizuri kimeazimwa kwa jirani, soda zimenunuliwa, mgeni amewekwa chini ya mwembe pekee yake anaangaliwa na watu 30 wamesimama kimya, anakunywa soda yake anashukuru tunaondoka. Waliomkaribisha wametumia pesa nyingi, wamejinyima. Na mgeni ukimuuliza baadaye hiyo siku haipo. Nimejaribu kuchokonoa, unakumbuka kule tulikopewa soda? Anasema aah ndiyo ndiyo, ila unamsikia kabisa kwamba hapana.

Wazee walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wengi tunausema ule msemo kwa kutania kwamba mgeni akizidisha siku amekuwa mzigo. Mi naona una maana nyingine kabisa. Jembe ni heshima. Ukimpa mtu jembe unamwambia sasa wewe sio wa kuangaliwa tena, mstari huu ni wako, tukimaliza tutakula wote. Mgeni ambaye hajapewa kitu cha kufanya anabaki mlangoni hata kama umemlaza kitanda kikubwa, kwa sababu hajui akae wapi, hajui mikono aiweke wapi, anaogopa kila saa kwamba anasumbua. Ukimpa ungo apepete, au ming'oko, vile viazi vya porini, amenye, au ukamwambia shikilia mtoto huyu nachota maji narudi, unamwondolea ule woga. Na kinachobaki kwenye kumbukumbu ni ule muda woga ulipoondoka.

Sisemi haya kwa kuangalia wazungu peke yao maana na mi nimeshakuwa mgeni, na nyumba ninayoikumbuka kuliko zote ipo Newala.

Nilipanda huko kufuata vinyago vya mpingo kwa mchongaji mmoja, kuna wageni walikuwa wanataka ile mitindo ya watu waliobebana mmoja juu ya mwingine, ule wa ujamaa. Nikachelewa, pikipiki ikanigomea njiani, giza likaingia nipo kwenye mashamba ya mikorosho sijui nielekee wapi, nikaona taa nikapiga hodi. Bibi mtu mzima akatoka, nikampa shikamoo, nikamweleza, akasema mjukuu wangu pikipiki itengenezwe kesho wewe ingia ndani umechafuka vumbi. Akamwambia mjukuu wake mkubwa, mpelekee kaka yako maji bafuni. Nikapelekewa ndoo nzima, imejaa, ya moto. Bafu lenyewe la makuti, juu wazi, nyota zote zinakuona. Nikaoga mpaka nikajisikia mtu.

Sasa kwa asiyejua Newala nieleze. Kule ni juu kwenye uwanda wa Makonde, ardhi ni mchanga mchanga, mvua ikinyesha maji yanazama yanaenda zake chini, huko juu hamna mto, maji yapo mabondeni kwenye miteremko. Ukisimama pale Shimo la Mungu ukachungulia unaona bonde lote limelala chini yako, ndo utajua umbali wa maji. Mama zetu walikuwa wanashuka na kupanda na ndoo kichwani safari ya kumaliza nusu siku. Bomba lipo miaka mingi, kuna mradi wa tangu enzi za mkoloni miaka ya 1950, ila kufika kila nyumba kila siku ni habari nyingine, kiangazi kikikaza watu wananunua kwa dumu. Na mi nilifika kiangazi.

Asubuhi ndo nikaona. Watoto wa nyumba ile wanaenda shule, wananawa uso kwa kikombe kimoja, wanapokezana, yanayobaki yanamwagiwa mche wa mpapai. Nikaangalia ile ndoo niliyooga jana yake imefunikwa pale pembeni tupu. Hakuna aliyesema kitu. Bibi ananiuliza umelala salama mjukuu wangu, mbu hawakukusumbua?

Nikamwambia bibi, madumu yako wapi. Akanikatalia, akasema wewe mgeni kaa unywe chai, nikamwambia bibi mi sio mgeni nimeshalala hapa. Akacheka sana! Akanionyesha. Mjukuu mkubwa akanipeleka, tumepanga foleni na kina mama kwenye bomba la jumuiya mpaka jua likapanda, nimesikia habari zote za kijiji kile, nani kauza korosho zake mapema kwa kangomba, wale walanguzi, akapunjwa, nani kaoa, nani anaumwa, na kina mama wananiuliza wewe wa wapi, nikisema Mikindani wanasema aah mla samaki. Tulivyorudi na madumu kwenye baiskeli ya kuazima bibi alikuwa ameshaniita kwa jina la mwanae aliyeko Dar. Fundi wa pikipiki nae akafika, tukala ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, nikaondoka.

Kule Newala nimerudi mara nyingi sana baadaye. Nikiulizwa Newala ikoje mi naanza kuongelea maji, mtu anashangaa anasema nilidhani utaniambia habari za korosho. Na bibi yule kila nikienda nampelekea samaki wakavu na sukari, hajawahi kupokea pesa kwa mkono wangu hata siku moja ila samaki anapokea, anasema samaki ni habari za pwani.

Baba yangu alikuwa utingo wa malori, enzi zile barabara ya kusini ilikuwa sio barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 Rufiji unavuka kwa panton pale Ndundu, ikiharibika unalala, mto ukijaa unalala, alafu ukishavuka kuna kile kipande cha mchanga na tope mpaka Somanga, kama kilomita 60, hicho kilichelewa kuwekwa lami hata baada ya daraja kuwepo. Masika lori linaweza kuzama likakaa hapo hapo siku na siku. Sasa mzee ukimwambia akuelekeze njia hiyo ya zamani hakutajii mito wala milima. Anakwambia hapa ndo kwa mama aliyetuchemshia mihogo, mbele kidogo kwa mzee aliyetupa magogo ya kuwekea tairi, ukifika kwenye mikoko ile kwa dada aliyemfunga dereva mguu alivyoteguka. Vijiji vingine majina amesahau kabisa ila nyumba hazijamtoka. Na mi nadhani ukarimu wa kusini ulikomalia hapo, maana kwa miaka mingi sana tulikuwa kama tumekatwa, mtu akitokea kutoka upande wa pili anabeba habari, anabeba barua, anabeba dawa, na kesho wewe ndo utakuwa umekwama mlangoni kwa ndugu yake. Mgeni njoo mwenyeji apone haikuwa maneno ya kupambia khanga.

Sa hivi lami ipo, mtu anatoka Dar alfajiri jioni yupo Mtwara, ni zaidi ya kilomita 550, Kilwa anaiona kwenye kibao tu pale Nangurukuru. Nashukuru lami, nisije nikaeleweka vibaya, mgonjwa anafika hospitali, korosho zinatoka. Ila anayepita hivyo hana cha kukumbuka zaidi ya kiti cha mbele yake na muziki wa basi.

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilivyokuja na mvua zake barabara ile ikakatika sehemu kadhaa upande wa Kilwa, pamoja na Somanga, na mi nilikuwa kwenye basi natoka Dar. Tukakwama. Mbele maji, nyuma foleni ya magari haina mwisho. Nikaona yale ya baba kwa macho yangu. Sitaki kupamba, wapo waliopandisha bei ya maji ya kunywa na chapati siku ya kwanza ile ile, wapo. Ila jioni kina mama wa pale wakaanza kupita kwenye mabasi wanaangalia wenye watoto wachanga, wanawaambia dada shuka na mtoto twende, humu mtapata homa. Yaani hawaombwi! Mama mmoja kwenye banda lake la kuuzia samaki alitandika majamvi akalaza wanawake na watoto wamejaa, na mwenyewe amelala mlangoni na wanae.

Asubuhi yake wale wanaume tuliokuwa tumekaa kwenye basi tunalalamika tukaona haya, tukatoka kutafuta kuni. Abiria mmoja alikuwa na magunia ya mchele kwenye buti akafungua moja. Mwingine nesi, akaanza kuangalia watoto wenye homa, wa abiria na wa kijiji bila kutofautisha. Vijana wa pale wakaleta vibua. Likapikwa sufuria moja kubwa, dereva wetu ambaye njia nzima hakusema na mtu ndo akawa anakoroga. Na nakwambia mpaka leo watu wa basi lile tunapigiana simu, wengine tumealikana harusi, na yule mama wa banda tulimchangia bati akaezeka. Mtu ukimuuliza Hidaya ilikuwaje, kwanza anaguna, alafu anaanza, aisee kuna mama mmoja Somanga... anasahau kwamba alilala na njaa usiku wa kwanza, anasahau mbu, mzigo wake ulioloa anautaja mwisho.

Kitu kingine kinachonithibitishia haya ni cha zamani sana. Nikipata wageni wenye muda nawapandisha hadi Kilwa Kisiwani, tunavuka kwa mashua kutoka Masoko. Ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981, pamoja na Songo Mnara, na magofu yake kwa kweli yanatisha kwa ukubwa, Msikiti Mkuu na nguzo zake, Husuni Kubwa lile jumba lililo juu ya jabali lenye birika la pembe nane. Ibn Battuta yule msafiri wa Morocco alifika hapo mwaka 1331, mji ukiwa kwenye utajiri wake wa dhahabu. Safari zake alikuja kuzisimulia ziandikwe akiwa amesharudi kwao, zaidi ya miaka 20 imepita, nchi alizotembea hazihesabiki, India, China, kote huko. Na Kilwa alikumbuka nini? Mji aliusifia kwa maneno machache kwamba ni mzuri umejengwa vizuri. Alafu akamwongelea sultani, Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Akasimulia kuna fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani anatoka msikitini siku ya Ijumaa akamwomba nguo alizovaa, hizo hizo za mwilini, na sultani akaingia ndani akazivua akavaa nyingine akampa. Na kwamba alikuwa anakaa na mafakiri anakula nao. Zaidi ya miaka 20 na mabirika yote na majumba yote aliyoyaona duniani, zikabaki nguo za Ijumaa.

Nawasimulia wageni pale pale kwenye magofu, na nawamalizia mpaka mwisho maana sio haki kukata: simulizi hiyo hiyo inasema sultani alikuwa anavamia majirani zake wa bara kuchukua mateka na mali, na fakiri yule alizidishiwa na watumwa na pembe za ndovu. Ukarimu wa mwenye nguvu unatoka mahali, na wakati mwingine umetoka mgongoni kwa mtu. Ndo maana mi ukiniuliza baina ya nguo za sultani na ndoo ya bibi wa Newala najibu haraka sana. Sultani alivua akavaa nyingine. Bibi hakuwa na ndoo ya pili.

Na hapa ndo nafika kwenye kinachonisumbua kwenye kazi hii. Wageni wanaongezeka, na hilo tunalitaka, vijana wapate riziki. Ila nimeona na sehemu ambazo karibu imeshakuwa na bei, mtoto akimwona mgeni anasema nipe pesa kabla ya salamu, na kosa sio la mtoto, kuna mtu alipita akarusha pipi kwenye gari watoto wakagombania akapiga picha. Mgeni anayeanza safari hivyo anarudi kwao na kumbukumbu za kuombwa tu, na mwenyeji anabaki na kumbukumbu za kurushiwa. Wote wamepoteza.

Mi msimamo wangu ni kwamba kazi ilipwe kazi na karibu iachwe iwe karibu. Nahodha alipwe nauli yake kamili na ya kurudi, mpishi akipika kwa oda alipwe, mchongaji asipunguziwe bei mpaka akauza kwa hasara. Hayo sina mjadala nayo, na naongea na mgeni kabla hatujatoka. Ila ukikaribishwa ndani kwa mtu ukakaa kwenye mkeka wake, usitoe noti ukamwekea mkononi unaondoka, unamgeuza muuzaji wa kitu ambacho hakukiuza. Beba sukari, beba mchele, sabuni, vitu vya nyumba, mkabidhi mama wa nyumba au bibi, kwa mikono miwili, mwanzoni sio mwishoni. Alafu uliza nisaidie nini. Wageni wengi wanaogopa hilo swali wanadhani ni kuingilia, mi nawasukuma waulize.

Na picha. Ukipiga picha ya mtu irudishe. Hili nalisema kila mara mpaka nachosha. Nitumie mi nitasafisha mjini, pale studio haizidi gharama ya soda, nitampelekea mwenyewe. Kuna nyumba Naumbu ukiingia sebuleni ukutani kuna kalenda ya zamani, cheti cha ubatizo sijui cha nani maana wenyewe Waislamu, na picha ya kijana mmoja wa Kikorea ameshika pweza kwa woga na babu wa nyumba amesimama pembeni amejaa tele. Kijana alikaa pale mchana mmoja tu, wakamfundisha kumpondaponda pweza kwenye jiwe alainike. Babu kila nikipita ananiuliza, yule mwanangu ameoa? Mama yake alikuwa anaumwa miguu, amepona? Namuuliza kijana kwenye simu, ananijibu, namrudishia babu majibu. Mara ya mwisho kijana aliniambia kwao huko mjini anaishi jengo ambalo jirani wa mlango wa pili hajui jina lake, na kwamba inamsumbua kichwani kuwa kuna mzee Tanzania anajua habari za miguu ya mama yake. Sikujua nimjibu nini nikamwambia piga video nimpe babu simu aongee nae mwenyewe, na waliongea, nusu saa nzima, kila mtu kwa lugha yake.

Kwa sasa nafanya hivi, ratiba zangu nimezipunguza vituo. Zamani nilikuwa naweka sehemu sita kwa siku ili mgeni aone pesa yake imefanya kazi, sa hivi mbili, na moja lazima iwe nyumba ya mtu na lazima kuwe na shughuli inayoendelea kweli, sio ya kuigiza kwa ajili ya wageni. Kama ni msimu wa mwani twende kwenye mwani maji yakiwa yametoka, kama kuna mkeka unasukwa tukae tusuke ukili, kama hamna kitu siku hiyo basi tusiende, mi siombi mtu apike ambacho hakukipanga. Kampuni moja iliyokuwa inaniletea watu ililalamika kwamba vituo vichache, tukaachana kwa amani. Wanaokuja wenyewe hawalalamiki.

Oktoba hii korosho zitakuwa zinaanguka na nina familia ya Waholanzi, baba mama na watoto wawili, nimeshaongea na shangazi yangu mmoja upande wa Naliendele ambaye anabangua nyumbani. Ameniambia tufike asubuhi kabla jua halijawa kali ili waokote kwanza shambani, mabibo watakula watakavyo ila wasivae nguo nyeupe maana maji ya bibo yakikauka kwenye kitambaa hayatoki, na kwenye kubangua watoto wapakae majivu mikononi sababu mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Akauliza na huyo mama yao anakula pilipili au apunguze. Nimeshamwandikia, nasubiri jibu.